Haki ya Aliyesimama Njia Panda

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemkirimu mwanadamu na kumtukuza juu ya viumbe vingi. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, tunamtaka msamaha. Tunashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kuwa Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba wake, na wote wawafuatao kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi mliohudhuria msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Hakika aliyefuzu ni mwenye kumcha.

Ndugu Waislamu. Maneno yetu ya leo yanahusu majina. Hatukusudii jina ambalo mtoto hupewa siku ya akika, bali yale majina ambayo watu humwita mtu kwa hali yake: mwanamume, mwanamke, Mgogo, Mrangi, mtu wa pwani, mtu wa bara, tajiri, fukara, msomi, asiyesoma, mzima, kipofu, mjane, yatima. Hakuna hata mmoja wetu aliye na jina moja tu katika hayo. Kila mtu ameyabeba mengi kwa pamoja, kama mchukuzi aliyejitwisha mizigo kadhaa juu ya kichwa kimoja. Yako majina yanayomfungulia mtu milango, na yako yanayomfungia. Na wengi wetu tunayo ya aina zote mbili.

Ifungueni Sura ya Hujurat, aya ya 13. Humo Mwenyezi Mungu anawaambia watu wote kuwa amewaumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akawajaalia mataifa na makabila ili wapate kujuana, na kwamba mbora wao mbele Yake ni yule amchaye zaidi. Tazameni mpangilio wa maneno hayo. Aya imetaja mambo matatu mahali pamoja: uume na uke, taifa, na kabila. Haikusema kuwa majina hayo hayapo. Imesema yapo, na imeeleza kazi yake, nayo ni kujuana. Anayeyatumia kupimia heshima na haki za watu ameyachukua kutoka kazi aliyoyapangia Mola wake, akayapa kazi nyingine.

Enyi Waislamu! Mji wetu huu wa Dodoma ni mji wa njia panda. Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914, inaukata kutoka mashariki hadi magharibi. Barabara kuu itokayo Iringa kwenda Kondoa, Babati na Arusha inaukata kutoka kusini hadi kaskazini. Kila mkazi wa hapa anajua hatari ya njia panda. Aliyesimama kando ya barabara moja huangalia upande mmoja. Aliyesimama pale zinapokutana anaweza kugongwa na kinachotoka huku au kinachotoka kule, na pengine kwa vyote viwili kwa mara moja. Na akishagongwa, kila dereva husema si mimi, ni yule wa barabara ya pili.

Mfano huu wa njia panda umetumiwa na wataalamu wa sheria pia. Mwaka 1989 mwanasheria wa Marekani, Bi Kimberlé Crenshaw, alieleza shauri lililoamuliwa nchini kwake mwaka 1976. Wanawake watano weusi waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kabla ya mwaka 1964 kampuni hiyo haikuwa ikiajiri wanawake weusi. Ilipofika miaka ya 1970 na kazi zikapungua, waliopunguzwa kwanza ni wale walioingia mwisho, na kwa kanuni hiyo wanawake weusi walioajiriwa baada ya mwaka 1970 wakatoka wote. Mahakama ikawajibu kuwa kampuni inaajiri wanawake, kwa hiyo hakuna dhuluma ya uanamke. Tena inaajiri watu weusi, kwa hiyo madai ya rangi yaende na mashauri ya watu weusi. Lakini wanawake walioajiriwa zamani walikuwa weupe wa maofisini, na weusi walioajiriwa walikuwa wanaume wa kiwandani. Mwanamke mweusi alikuwa amesimama pale njia mbili zinapokutana, na hakimu akatazama kila njia peke yake, akaona ni nyeupe.

Msidhani, ndugu zetu, kwamba hiyo ni habari ya Marekani tu. Tuitazame hali ya mjane Mwislamu katika kijiji kimoja cha uwanda wetu huu wa kati.

Mume amefariki. Ameacha shamba, nyumba, ng'ombe wachache, na watoto. Siku za msiba hazijaisha, ndugu za marehemu wameanza kuhesabu mifugo. Mjane anasema: mimi ni Mwislamu, na marehemu alikuwa Mwislamu, nipeni thumni yangu, kwa kuwa mume mwenye watoto mkewe hupata moja ya nane. Anajibiwa: hapa kwetu tunafuata mila, mali ni ya ukoo, nawe ni mtu wa ukoo mwingine. Anasema: vema, ikiwa ni mila, basi mila inataka nitunzwe, niachwe katika nyumba hii pamoja na wanangu. Anajibiwa: wewe ni Mwislamu, eda yako imekwisha, rudi kwa baba yako. Akidai kwa dini hugeuzwa mtu wa kabila, na akidai kwa kabila hugeuzwa mtu wa dini. Kila njia inampeleka kwenye nyingine, na mwisho wa zote mbili ni mikono mitupu.

Wala hila hii haikuzuka hewani. Ina pa kushika katika sheria za nchi. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilisema kuwa mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Haki yake ni kutunzwa na watoto wake. Likawaweka watoto wa kike daraja la mwisho miongoni mwa warithi. Na mashauri ya mirathi ya Waislamu yanapofika mahakamani, hakimu hutazama jinsi marehemu alivyoishi, je, aliishi kwa mila za kabila lake au kwa sharia ya Kiislamu? Marehemu hawezi kufufuka akajibu. Wanaomjibia ni walio hai, na aghalabu wenye sauti ni wale wanaoitaka mali.

Hata hivyo sheria za nchi hazikusimama hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imetamka kuwa kanuni yoyote ya mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kuwa nchi yetu imevunja ahadi zake, katika malalamiko ya wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga waliotolewa majumbani na jamaa za waume zao. Basi hoja zipo mikononi mwa mjane. Lakini nani atakayemsomea hizo hoja akiwa hajui kusoma? Nani atakayempa nauli ya kwenda mahakamani akiwa fukara? Nani atakayemsemea katika baraza la wazee akiwa hana kaka karibu? Hapa tunaliona jambo tulilokusudia. Uanamke peke yake haukumnyima haki, kwani mjane wa afisa mjini, mwenye elimu na wakili, hufika mahakamani akashinda. Ukabila peke yake haukumnyima, kwani shemeji yake ni wa kabila lilo hilo. Ufukara peke yake haukumnyima, kwani kaka zake mafukara wamerithi. Yamemnyima yote yalipokutana juu yake.

Na dini yetu ilikwisha kulitambua hilo miaka 1400 iliyopita. Saad bin Rabii, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliuawa shahidi katika vita vya Uhud. Akaacha mke na binti wawili. Ndugu yake akaichukua mali yote, kwa desturi ya wakati ule kwamba harithi ila mwanamume awezaye kubeba silaha. Mama yule akaja kwa Mtume (S.A.W.) na mabinti zake, akamweleza kuwa ami yao amechukua kila kitu, na kwamba mabinti wasio na mali ni vigumu kuolewa. Mtume akamwambia asubiri hukumu ya Mwenyezi Mungu. Ikateremka aya ya mirathi. Mtume akampelekea habari yule ami: wape mabinti thuluthi mbili, mpe mama yao thumni, kitakachobaki ndicho chako.

Enyi wafugaji wa Kondoa na Chemba, wa Bahi na Mpwapwa, lifanyeni kwa hesabu ya mbuzi. Kama marehemu angeacha mbuzi 24, mabinti wangechukua 16, mjane 3, na ami 5. Yule aliyekuwa amewazoa wote 24 akabakiwa na 5. Na mama yule alikuwa nani? Alikuwa mwanamke, mjane, tena mwenye watoto wa kike watupu. Kwa kila jina katika hayo desturi ilimpiga pigo moja, na kwa yote pamoja ikamwacha hana kitu. Hukumu ya Mola wetu haikumwambia achague jina moja la kulilalamikia. Ilimtazama alivyo, ikampa haki yake, ikawapa na binti zake haki yao.

Ndugu Waislamu! Tangu serikali ilipoamua mwaka 1973 kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi, na hasa tangu ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ardhi iliyokuwa ya mtama na uwele imekuwa ya viwanja. Thumni ya mjane ambayo zamani ilikuwa tuta la karanga leo ni mali nyingi. Kwa hiyo tamaa imezidi, na hatari ya mjane imezidi. Anayeishika kalamu ya kugawa mirathi katika mji huu leo ameshika kaa la moto. Aliyekula mali ya yatima kwa dhuluma, Sura ya Nisaa aya ya 10 imekwisha kutueleza anachokitia tumboni mwake.

Mje nasi sasa katika jambo la pili, na hili ni la macho. Katika wilaya ya Kongwa, na sehemu nyingi za uwanda huu, kumekuwako kwa muda mrefu ugonjwa wa trakoma, ambao watu wetu huuita vikope. Watafiti wa macho wamefanya kazi Kongwa tangu miaka ya 1980, na mengi ambayo dunia inayajua leo juu ya ugonjwa huu yamejulikana kutokana na macho ya watu wa huko. Huanza utotoni. Vijidudu vyake huenezwa na vidole, na kitambaa kinachotumiwa na wengi, na nzi watuao juu ya uso wa mtoto usiooshwa. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ngozi ya ndani ya ukope hufanya makovu. Miaka inapita, makovu yanakaza, kope zinageukia ndani na kukwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Mwisho wake ni upofu.

Sasa sikilizeni. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hata mara 4 kuliko wanaume. Kwa nini? Mume na mke wa nyumba moja huvuta vumbi moja na kunywa maji ya kisima kimoja. Lakini anayembeba mtoto mgonjwa mgongoni na kumfuta macho kwa upindo wa khanga yake ni mama, na anayelea wadogo zake ni binti, wakati kaka yake yuko machungani. Ugonjwa unamrudia mama kwa kila mtoto anayemlea. Na mwanamke wa umri ule ule aishiye penye bomba mjini Dodoma haukumpata. Basi ukiuliza ni nini kilichompofusha bibi wa Kongwa, je, ni ukame? Je, ni ufukara? Je, ni uanamke? Jawabu ni kwamba vilikutana machoni pake. Na akiisha kuwa mzee, upasuaji wa kuzisawazisha kope ni mfupi, lakini yeye hana nauli, hana wa kumshika mkono, na pengine anangoja ruhusa ya mtu ambaye macho yake ni mazima.

Huyo ndiye tunayemkuta kando ya mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, mkono ameunyosha. Tunampa sarafu, tunapita. Na wengine huongeza neno baya, husema: Wagogo hao, kuomba ni kazi yao.

Hebu tuutazame ukweli wa neno hilo. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Watu wa misafara waliwaogopa Wagogo na kuwalipa watemi wao hongo, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wenye maji na wenye njia. Hakuna aliyewaita ombaomba. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana kuwa wapagazi, na mvua nayo ikakatika. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000 katika watu 150,000. Watu waliobaki walitoka kwenda kutafuta chakula kwa wenzao. Kwa hiyo kabila lilo hilo moja, katika muda usiozidi miaka 60, lilitoka kwenye kulipwa hongo likafika kwenye kuomba. Damu yao haikubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyeshika maji, nafaka na bunduki. Jina la watu hupanda na kushuka kwa mambo kama hayo, kisha wajinga hudhani ndivyo watu walivyoumbwa.

Wala tusisahau kuwa dini hii tukufu ilifika huku bara kwa njia ile ile ya misafara, na pamoja nayo yakaja maneno ambayo hayakuwa ya dini. Mtu wa pwani alijiita mungwana, na mtu wa bara akamwita mshenzi, hata akiwa amesilimu. Dhuluma hiyo ilikuwa ndani ya safu za swala zetu. Na yule mwanamume wa bara aliyedharauliwa msikitini na mtu wa pwani alirudi nyumbani akamdharau mkewe. Ndiyo hali ya wanadamu: mwenye kuonewa kwa jina moja huonea kwa jina jingine. Kwa hiyo asitoke mtu hapa leo akisema, mimi ni mnyonge, khutba hii ni ya wakubwa. Kila mmoja wetu ana mtu aliye chini ya mkono wake.

Tunayasema haya, na tunamtaka Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mtakeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa hisani Yake, na shukrani ni Zake kwa kutuafiki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Enyi Waislamu! Huenda yuko atakayesema: Uislamu umetufanya kitu kimoja, kuyahesabu majina haya, mwanamke na Mgogo na fukara na kipofu, si kuugawa umma? Swali hili ni la haki, na jawabu lake tulitafute katika mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.).

Alikuwako Makka mtu aliyeitwa Ibn Umm Maktum, kipofu. Kwa nasaba alikuwa Mkureshi, na nasaba hiyo kwa Waarabu ilikuwa fahari. Kwa macho alikuwa dhaifu, na kwa mali hakuwa na kitu. Siku moja alimjia Mtume kutaka kufundishwa, wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji kuwa wakisilimu wao watasilimu wengi. Ikateremka Sura ya Abasa, Mola wetu akimkumbusha Mtume Wake kuwa huyu aliyekuja mbio hali anamcha Mungu ndiye anayestahiki kuelekewa. Sura hiyo imemtaja kwa upofu wake waziwazi. Haikuuficha, kwa sababu upofu ule ulikuwa ndio udhuru wake: hakuona kuwa Mtume ana wageni.

Na ilipoteremka aya ya kuwatukuza wanaotoka kwenda jihadi juu ya wanaokaa, kipofu huyu alisikitika, akasema lau angaliweza angalitoka. Likateremka neno la kuwavua wenye udhuru, nalo limo katika aya ya 95 ya Sura ya Nisaa hata leo. Lakini alipoomba ruhusa ya kuswali nyumbani, Mtume alimwuliza kama anausikia mwito wa swala. Aliposema ndiyo, akamwambia auitikie. Oneni uadilifu huo! Pale upofu unapomzuia kweli, sharia imemwondolea mzigo. Pale usipomzuia, haikumtoa katika jamaa ya Waislamu wala haikumwona ni mtu pungufu. Kisha Mtume akamwachia mji wa Madina mara kadhaa alipotoka safarini, na akamfanya mwadhini pamoja na Bilali. Bilali, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, akiadhini usiku, na Ibn Umm Maktum, kipofu, akiadhini alfajiri. Watu wa Madina walifunga saumu zao kwa kuzifuata sauti mbili hizo.

Na alikuwako mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Alifariki usiku, watu wakamzika bila ya kumpa Mtume habari, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipokosa kumwona aliuliza habari zake. Alipoambiwa, akawauliza mbona hawakumjulisha, kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia pale. Mwanamke, mweusi, fukara, mfagizi: majina manne, na kwa kila jina lilikuwako la kuwafanya watu wamsahau. Walipokuwa wamekwisha kumsahau, alimkumbuka mbora wa viumbe.

Hilo ndilo jawabu. Umoja wetu hauvunjwi na kumtazama mtu alivyo. Unavunjwa na kutomtazama. Safu ya swala hunyooka kwa kila mmoja kugeuka akamwona aliye kando yake.

Basi tutoke hapa na kazi nne.

Ya kwanza ni mirathi. Kila mwenye mke na watoto na aandike leo, mbele ya mashahidi, kwamba mali yake igawanywe kwa sharia ya Kiislamu, asije mtu kesho akamjibia alivyoishi. Kila imamu wa kijiji na asihudhurie kikao cha mirathi ambacho mjane na mabinti hawakuitwa. Na mtu asifuate sharia anapotafuta sehemu yake, akafuata mila anapotoa sehemu ya mwenziwe.

Ya pili ni maji na macho. Sisi tunaosha nyuso zetu mara 5 kwa siku kwa ajili ya swala. Uso wa mtoto nao huoshwa kwa maji kidogo mno, hata yale tunayoyamwaga bure tukitawadha, na kuufanya ufujaji katika udhu ni makuruhu hata kwenye mto utiririkao. Msikiti wenye kisima au tangi na uwagawie majirani, wawe Waislamu au wasiwe. Na kila nyumba yenye bibi ambaye kope zinamchoma, kijana mmoja na amshike mkono ampeleke kwa waganga wa macho kabla mboni haijaharibika.

Ya tatu ni ulimi. Jina la kabila lisiwe tusi katika vinywa vyetu, wala neno mshenzi lisisikike katika nyumba ya Mwislamu. Nyinyi wanafunzi wa madrasa na wa vyuo, muwe wa kwanza, maana utani hukomea penye mpaka, nanyi mnaujua mpaka.

Ya nne ni kusikiliza. Kamati za misikiti yetu na ziwe na njia ya kuwasikia wanawake, na wazee wasiosoma, na wenye ulemavu, kwa vinywa vyao wenyewe. Msimwulize mwanamume shida ya mwanamke, wala mtu wa mjini shida ya kijiji, mkadhani mmejua. Kila njia ina wa kuisemea. Aliye njia panda ndiye ambaye hana wa kumsemea asipojisemea.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Iko aya ambayo makhatibu huikariri mwishoni mwa khutba kila Ijumaa, nayo ni aya ya 90 ya Sura ya Nahl. Ndani yake Mwenyezi Mungu ameamrisha uadilifu, kisha hisani, kisha kuwapa jamaa. Uadilifu umetangulia. Sarafu tunayompa bibi kipofu mlangoni ni hisani, nayo ina thawabu. Lakini kabla ya sarafu ilikuwako thumni yake ambayo hakupewa, na maji ambayo hayakufika kwake, na mkono ambao haukumpeleka kutibiwa. Hayo yalikuwa haki yake. Tukiyazuia yale kisha tukampa sarafu, tumemlipa senti katika deni la mamia, na deni liko pale pale hata Siku ya Hesabu.

Ewe Mola wetu! Tupe macho ya kuwaona waja Wako kama walivyo. Wape wajane na mayatima wa nchi hii haki zao, na uilainishe mioyo ya walioshika mali zao. Waponye wagonjwa wetu, na uwanusuru watoto wetu na upofu wa macho na upofu wa moyo. Teremsha mvua ya rehema katika uwanda huu, ijaze mabwawa na visima vyetu. Waghufirie wazazi wetu, na waliotutangulia kwa imani. Ziongoze hatua za viongozi wa nchi yetu katika uadilifu. Utujaalie mwisho mwema, na umrehemu Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake wote. Amin.

Enyi Waislamu, inukeni kwa swala. Nyoosheni safu zenu, na kila mmoja amtazame aliye kando yake.